Kafi Nyuma ya Mlango

Kila mwanafunzi anayekuja kufanya staji, mafunzo ya kazini, katika wodi yetu ya dharura huuliza swali lilelile kabla wiki ya kwanza haijaisha, na huliuliza kwa sauti ya chini, wakubwa wakiwa wametoka: kwa nini kuna kafi la mtumbwi nyuma ya mlango? Hospitali haina mtumbwi. Wengine hudhani ni la kufukuzia panya. Mmoja, ambaye leo ni daktari anayeheshimika na kwa hiyo sitamtaja, aliamini kwa mwezi mzima kwamba ni kifaa cha kunyooshea mifupa, na kila asubuhi alilipangusa vumbi.

Sikuwahi kujibu vizuri. Nilikuwa nasema "ni la Papa Assumani," kana kwamba hilo linatosha, kisha narudi maabara kwenye darubini yangu. Sasa macho yamekataa darubini, nimestaafu nikiwa bado na nywele nyeusi za kutosha kunifanya nione haya kuitwa mzee, na wiki niliyoondoka nilimsikia msimamizi mpya wa usafi akiuliza kama ule mti unaweza kupelekwa jikoni ukawe kuni. Kwa hiyo nimekaa niandike. Ninyi mnaobaki, someni kwanza, kabla hamjapika chochote.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alifanya kazi kwenye gari moshi, na sisi tulikaa Kindu upande wa stesheni, ukingo wa kushoto, tukiutazama mto Lualaba kama mtu anavyotazama karamu ya jirani asiyemwalika. Ng'ambo, Alunguli, walikaa watu wa mto, wavuvi na wapiga makafi. Nilijua kudandia behewa linalotembea, kuogelea sikujua. Chuoni Kisangani nilisomea biolojia, na kazi yangu ya mwisho ilihusu nyoka wa msitu wa mvua. Ilikuwa na kurasa nyingi na nyoka wachache. Nilizunguka msituni msimu mzima na mkoba, kijiti na imani, na jambo kubwa nililogundua ni kwamba msitu umejaa nyoka wasiotaka kuandikwa. Unapita karibu naye kabisa, unaona majani makavu. Yeye anaona mguu.

Nilirudi Kindu nikitarajia kufundisha. Hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa maabara anayeweza kusoma damu kwenye kioo, nikaenda kujieleza nikiwa nimefunga tai. Aliyenipokea ni Mama Feza, muuguzi mkuu wa dharura, mwanamke mfupi mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele.

"Umesomea nini, mwanangu?"

"Nyoka, Mama."

"Aa. Na wenyewe wanajua kama umewasomea?"

Siku hiyohiyo familia moja ilifika kutoka njia ya Pangi na mgonjwa aliyeumwa mguuni, pamoja na mfuko wa mchele wenye nyoka ndani. Watu wetu humleta nyoka pamoja na mgonjwa, kama mtu anayekwenda kushtaki na kumburuta mshtakiwa. Nikaona nafasi yangu imefika. Nilipiga magoti, nikafungua mfuko, nikaanza kuwaeleza ndugu umbo la kichwa na mpangilio wa magamba. Mshtakiwa hakuwa amekufa. Nilijua hivyo baada ya kuona wasikilizaji wangu wote wamekwisha kutoka kwa dirisha na mlango, na mimi mwenyewe nimesimama juu ya meza ya kupimia watoto wachanga, ambayo mpaka siku hiyo haikuwa imepima mtu mwenye tai. Mama Feza alimfunika nyoka kwa beseni, akaweka tofali juu yake, akaendelea kutafuta mshipa wa mgonjwa.

"Umemutazama nyoka kwanza," aliniambia baadaye, akinisaidia kushuka. "Mugonjwa njo huyu wa kitandani. Huyu wa chini ya beseni hana homa."

Ndivyo nilivyoanza kusoma kwa mara ya pili, safari hii bila tai.

Mama Feza alinifundisha mstari. Alichomoa kalamu kwenye nywele, akachora mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipokomea, kisha akaenda kwa wagonjwa wengine. Aliporudi, kama uvimbe umevuka mstari, alichora mwingine juu yake. Mstari hauna maneno mengi, lakini unakwambia kama sumu inatembea au imekaa. Alinifundisha pia chupa: unachukua damu kidogo, unaitia katika kichupa cha kioo, unakiacha mezani bila kukigusa, kisha unakiinamisha taratibu. Damu ikiwa imeganda, vuta pumzi. Ikitiririka kama chai, sumu imeshaiharibu, na hapo ni serumu tu. Serumu ndiyo dawa pekee inayoishinda sumu ya nyoka. Mengine yote ni kungoja kwa adabu.

Kichupa lazima kiwe cha kioo na kisiwahi kunusa sabuni. Kulikuja mfanyakazi mmoja mwenye bidii sana, akaviosha vichupa vyote kwa sabuni ya unga mpaka vikang'aa. Siku hiyo damu ya kila mtu ilikataa kuganda, pamoja na yangu, niliyejipima kwa hofu baada ya kumpima mlinzi. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza mke wangu ataolewa na nani, ndipo Mama Feza akainua kichupa, akakinusa, akauliza ni nani anafua nguo humu.

La tatu lilikuwa jiwe jeusi. Mnalijua, ule mfupa uliochomwa ambao watu huubandika kwenye jeraha ili unyonye sumu. Mgonjwa wangu wa kwanza mwenye jiwe nilimtolea hotuba, na hotuba ilipofika kwenye tezi za sumu ndugu zake walianza kumvalisha viatu aondoke. Mama Feza akaja, akalisifu jiwe kwamba limeshika vizuri, na akiwa bado analisifu akaingiza sindano kwenye mkono wa pili.

"Liache lilale pale," alisema tulipobaki wawili. "Jiwe halimukatazi mutu serumu. Kugombana njo kunamufukuza."

Nyoka wenyewe nitawaeleza kwa ufupi, maana sasa mna simu zenye picha. Swila wa msituni ni mweusi wa kung'aa, hupenda mabwawa ya samaki, na mgonjwa wake huanza kwa kulegea kope; ndugu watasema mwacheni alale kidogo, nanyi msimwache. Yule wa kijani mwenye magamba yaliyosimama kama maganda ya mpunga hukaa vichakani na huuma mikono ya wanaochuma kahawa. Yuko mdogo mweusi anayeishi chini ya udongo, ana sura ya mnyama mwenye haya, ila meno yake hutokea pembeni mwa mdomo hata akiwa ameufunga. Hawezi kushikwa nyuma ya kichwa bila kuuma, na wagonjwa wake wote niliowapokea walikuwa wanaume waliokuwa wakiwaonyesha wenzao jinsi ya kumshika nyoka nyuma ya kichwa. Sikumpokea mwanamke hata mmoja.

Kisha yuko moma. Ni mnene kama paja la mtoto, mfupi kwa unene wake, na mgongoni ana marembo ya mkeka mpya. Akilala juu ya majani makavu anakuwa majani makavu. Hakimbii, hafukuzi. Katika mkoa wetu wote sijakutana na mkaaji mwenye subira kumpita; wengi wamemruka maisha yao yote wasijue. Huuma mara chache, lakini akiuma, anatoa vyote alivyo navyo.

Serumu ilikaa katika frijo ya petroli, ndivyo tunavyoyaita mafuta ya taa, frijo tuliyoiita Bibi. Bibi alikuwa na taa ndogo chini ya tumbo, na ajabu ya Bibi ni kwamba moto ule ndio uliomtia baridi. Ulitakiwa uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano, utambi umekaa vibaya, moshi unaziba bomba, na dawa inaharibika kimyakimya. Tuliweka kipande cha kioo sakafuni ili tuuone moto bila kulala kifudifudi. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya darubini, ilikuwa kuinama kumsalimia Bibi.

Vita vilipofika kwetu, gari moshi lilikoma. Mtoto wa reli aliyekulia katika mlio ule hawezi kuwaeleza ukimya wake. Petroli ikawa kitu cha kupimwa kwa kifuniko cha chupa. Mashamba ya mbali yakaachwa, watu wakahamia pembezoni mwa msitu na kulima mahali ambapo zamani walipita tu, na kadiri walivyoingia majanini ndivyo sisi tulivyopokea wagonjwa. Serumu ikapungua mpaka Bibi akabaki na chupa tatu tumboni.

Mto nao ulikuwa na wenyewe. Askari waliufungua asubuhi kwa ajili ya soko, wakaufunga alasiri, na mtumbwi ulioonekana majini baada ya hapo ulihesabiwa kuwa wa adui. Mitumbwi mizuri walikuwa wanaichukua. Kwa hiyo wapiga makafi wa Alunguli waliiburuta mitumbwi yao mpaka ndani ya miti wakaifunika kwa majani makavu, vizuri kabisa, isionekane na mtu. Na mtu hakuiona. Lakini majani makavu yaliyorundikwa pakavu, panya wakipita chini yake, mnajua ni nyumba ya nani.

Asubuhi moja aliingia wodini mwanamke mwenye kafi linalochuruzika maji. Alikuwa Mama Zaina, mke wa Assumani, mpiga kafi ambaye nusu ya mji ilimjua kwa sauti yake ya kuita abiria.

"Bwana yangu ameumwa," alisema. "Alikuwa anafunua mutumbwi. Moma. Mukono wa kuume."

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo."

"Mbona hukumleta?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mbona hakuileta nyumba. Mama Feza ndiye aliyenielewesha, huku akivaa glavu zake. Katika familia za wapiga makafi, mtu mwenye sumu mwilini havushwi mto. Wanaovushwa wakiwa wamelala, wakipelekwa na wengine, ni maiti. Na mto, walisema, ukimwona mtu aliyebebwa hivyo humhesabu pamoja nao, na sumu ikisikia maji hukimbilia moyoni. Wengine walikuwa wakilegeza desturi hiyo shida ikizidi. Assumani, aliyevusha watu tangu utoto wake, asingekubali kuivunja.

Moma hutosha kumuua mtu. Asipomuua, humwachia mkono wa kukatwa. Mpiga kafi asiye na mkono wa kuume ni mtu wa kukaa uani, na uani kwa Assumani kulikuwa na watoto wanne na nje kulikuwa na vita.

Mama Feza alifungua mlango wa Bibi kidogo tu, akatoa chupa moja.

"Moja inatembea. Mbili zinabaki. Askari wakikunyang'anya, tusikose zote."

"Moja itamtosha?"

"Kwa moma? Haiwezi. Itamushikilia tu. Kazi yako njo kumuleta."

Wauguzi walikuwa wachache, mimi ndiye niliyeweza kukosekana. Sifa hiyo imenifuata maisha yote. Nilitia chupa katika thamosi iliyozungushiwa kitambaa kibichi, nikachukua sindano, vichupa na kalamu, nikamfuata Mama Zaina bandarini. Askari kijana alitaka kujua kuna nini ndani ya thamosi. Nikamwambia: dawa ya nyoka. Alisikia neno la mwisho tu, akaruka nyuma akamkanyaga mwenzake, na wakati wanatukanana sisi tulikuwa tumeshasukuma mtumbwi. Mama Zaina alipiga kafi nyuma, mimi nikakaa mbele nimeikumbatia thamosi kama mama aliyebakiwa na pacha mmoja, macho nimefumba. Nasema niliyafumba kwa sababu ya jua.

Assumani alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, mkono umefungwa kwenye kipande cha ubao. Vidole vilikuwa vimevimba vinene kama ndizi na ngozi inang'aa. Alikuwa mtu wa rika langu, mwembamba, na maumivu hayakuwa yamemfikia ulimi.

"Kumbe wamenitumia mutu wa reli," alisema. "Mama Zaina, ametapika njiani?"

"Bado," alisema mkewe.

Nilichora mstari wa kwanza juu ya kifundo cha mkono. Nilichukua damu, nikakiweka kichupa juu ya kinu kilichopinduliwa, tukangoja. Nilipokiinamisha, damu ilitiririka. Nikampa serumu polepole mshipani, nikimtazama uso kwa hofu ya mwili wake kuikataa, naye akinitazama uso kwa sababu, alisema, hajawahi kumwona mtu anayetoka jasho puani. Uvimbe ulivuka mstari wa kwanza. Nikachora wa pili katikati ya mkono, na baadaye wa tatu, chini kidogo ya kiwiko. Jua lilikuwa limepita utosi. Mto ungefungwa, na chupa mbili zilikuwa tumboni mwa Bibi.

Nilimweleza. Nilichora moyo kwenye vumbi, na mishipa, na nikathibitisha kwamba maji yaliyo nje ya mtumbwi hayana njia ya kuzungumza na sumu iliyo ndani ya mtu. Lilikuwa somo zuri; wanafunzi wangu wa baadaye hawakupata zuri kama hilo. Alilisikiliza lote.

"Umesoma, Papa Labo," alisema, maana mji mzima uliniita kwa jina la maabara. "Mimi sivushwi."

"Kichwa yake ni ngumu kuliko kafi," alisema Mama Zaina. Aliinama akaanza kuokota vitu visivyokuwapo chini.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa somo la pili nilipolikumbuka jiwe jeusi na sindano iliyoingia upande wa pili. Nikafuta moyo wangu kwenye vumbi kwa kiatu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Weye nini?"

"Mimi sijaumwa. Mto unafungwa, Mama Feza ananingoja kazini, na kupiga kafi sijui. Nani atanivusha?"

Assumani alimtazama mkewe. Mama Zaina hakuinua kichwa.

"Mi sivushi mutu tena leo," alisema. "Mikono yangu imechoka. Na wengine wote wamekwisha kuficha mitumbwi."

Assumani aliutazama mkono wake wenye mistari mitatu, akautazama mto, akanitazama mimi na viatu vyangu vya ngozi.

"Hakuna mutu hapa Alunguli aliyewahi kusema Assumani alimuacha abiria ukingoni," alisema taratibu.

"Basi nivushe."

"Kwa mukono mumoja?"

"Shika kafi la nyuma uelekeze. La mbele nitapiga mimi."

"Weye?" Alicheka mpaka akafumba macho kwa maumivu. "Utatuzamisha mbele ya askari." Kisha akawaza kwa uzito, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuteremka. "Mwenye kafi la nyuma, mutumbwi ni wake," alisema mwishowe. "Mto unajua vile. Hauwezi kumuhesabu mwenye mutumbwi pamoja na muzigo."

Alisimama mwenyewe. Alikataa kushikwa bega.

Tulikaa hivi: Assumani nyuma, kafi chini ya kwapa la kushoto, Mama Zaina mbele yake, amegeukia kwake, mkono ule mgonjwa ameulaza juu ya magoti yake usitikisike, mimi mbele kabisa. Nilipiga kafi langu la kwanza, na mtumbwi ukageuka kutazama tulikotoka.

"Papa Labo! Alunguli tumeshaiona!"

Nikapiga upande wa pili. Tukaanza kwenda Kisangani.

"Si uji ule, usikoroge! Chomeka, vuta! Chomeka, vuta! Mama Zaina, huyu wamemusomesha miaka mingapi?"

"Nyamaza, utamwaga damu," alisema Mama Zaina, lakini alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Muambie yeye anyamaze, anapumua kama gari moshi!"

Katikati ya mto nilisikia askari wakipiga kelele ukingoni. Saa yao ilikuwa imefika. Sikuthubutu kuinua kichwa. Nilichomeka, nikavuta, nikachomeka, maji yakaniingia mikononi mpaka kwapani. Kelele ziligeuka kuwa vicheko. Nilielezwa baadaye kwamba mkubwa wao aliwaamuru washushe bunduki, kwa sababu hakuna adui aliyewahi kutumwa akiwa anapiga kafi vibaya namna ile. Ni mara moja tu ambapo kutojua kitu kumenisaidia kuliko digrii.

Tulipogusa mchanga, Assumani aliteremka kwa miguu yake, kafi mkononi. Alipanda kwenda hospitali analitumia kama fimbo, akaingia wodini, akalisimamisha nyuma ya mlango kama mtu anayeacha mwavuli, na hapo ndipo magoti yake yalipokubali kulegea. Mama Feza alimdaka, akamlaza, na chupa mbili za mwisho zikatoka kwa Bibi.

Alichora mstari wa nne juu ya kiwiko. Kisha tukakaa. Mama Zaina aliushika ukingo wa kitanda akiutazama mstari ule kama mtu anavyotazama sufuria ya maziwa. Hakuna aliyekuwa na chupa nyingine. Kulipokucha, mstari wa nne ulikuwa bado na ngozi isiyovimba juu yake na uvimbe chini yake. Haukuvukwa. Nilichukua damu, nikaiacha mezani, nikaenda nje kwa sababu sikuweza kuitazama. Niliporudi, Mama Feza alikuwa ameshakiinamisha kichupa. Alikipindua juu chini mbele ya macho yangu. Damu haikudondoka.

Vidole viwili, kile kidogo na mwenzake, vilikufa, na daktari wa upasuaji akaviondoa. Mkono ukabaki. Assumani aliuchunguza bandeji ilipofunguliwa, akakunja gumba na vile viwili vilivyosalia, akasema kafi halijawahi kuhitaji zaidi ya hapo, hivyo vingine vilikuwa vya kuhesabia watoto tu.

Bibi alibaki mtupu. Nilipendekeza tumzime, tuokoe petroli. Mama Feza alikataa. Aliendelea kukata utambi na kuinamia kioo kila siku, moto wa buluu ukiwaka chini ya rafu zisizo na kitu. "Serumu ikikuja," alisema, "ikute nyumba ina baridi." Ilikuja, kwa ndege iliyotua bila kutangazwa, sanduku moja dogo, na ikaikuta nyumba ina baridi.

Kafi aliondoka nalo Assumani alipopona. Nilidhani hadithi imekwisha. Lakini msimu uliofuata aliingia mwanamke mmoja wa Alunguli, mguu umevimba, ameegemea bega la ndugu yake, na mkononi ana kafi lilelile.

"Papa Assumani amenipa," alisema kabla sijauliza. "Amesema nishike nyuma, basi mutumbwi ni wangu. Nimeshika. Kaka yangu alipiga mbele."

Alilisimamisha nyuma ya mlango. Alipopona, alilirudisha ng'ambo yeye mwenyewe, akiwa amekaa nyuma. Baadaye akaja mzee, kisha mvuvi, kisha mtoto aliyelishika kwa mikono miwili huku mkono mwingine mkubwa ukilishika juu yake. Kafi lilianza kukaa bandarini Alunguli, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la chumvi, na kila mtu akajua ni la nini. Na walianza kuja mapema. Wale wa zamani tuliwapokea mstari ukiwa umefika begani. Hawa tunawachorea mstari wa kwanza kifundoni.

Sasa kuna mitumbwi ya mota. Mtu aliyeumwa hukaa nyuma, amelishika kafi hewani kwa heshima zote, na fundi wa mota huketi pembeni yake akitazama kando, anaelekeza kwa kidole kimoja kana kwamba hayupo. Bibi amepumzishwa, tuna frijo inayotumia jua, na huko Alunguli vijana wenu wawili wanafundisha watu wasikate jeraha wala kulikaza kwa kamba. Mama Feza yuko Kibombo analima mpunga. Nilipomtembelea alikuwa shambani, kalamu kwenye nywele. Alinikagua miguu kwanza, akanigombeza kwa kuja bila buti.

Siku yangu ya mwisho kazini kulikuwa na mgonjwa mmoja wa ng'ambo, binti aliyeumwa mkononi akikata majani ya kufungia chikwange, mkate wetu wa muhogo. Moma. Mstari wake ulikuwa umekomea kwenye kifundo, na asubuhi hiyo daktari alimruhusu. Wenzangu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Msimamizi wa usafi alipiga makofi. Assumani alikuja kumchukua binti, ameota mvi zote ambazo mimi nimezikosa, akasema Mama Zaina amepika samaki na hawezi kula kesho na mtu aliyekwisha kustaafu, nije leo.

Bandarini binti alichukua kafi akaenda kukaa nyuma, kama inavyotakiwa. Nikangoja Assumani ashike la mbele. Alipita, akaketi katikati, akakunja mikono, vidole vinane juu ya magoti.

"Mi leo navushwa," alisema. "Sijaumwa na kitu. Shika mbele, Papa Labo. Na usikoroge."

Nilichomeka, nikavuta. Tulikwenda karibu sawasawa. Aliguna mara moja tu.

Kwa hiyo hili ndilo jibu nililokuwa nadaiwa. Asubuhi mkiingia wodini, kabla ya kufungua daftari la zamu, tazameni nyuma ya mlango. Kafi likiwapo, osheni mikono, kuna mtu wa mto anawangoja. Mkikuta ukuta mtupu na ile rangi lililoichubua, msidhani limeibwa, wala msimlaumu msimamizi. Watu wote wa ng'ambo wamelala kwao. Mimi siku ile niliporudi kuchukua saa yangu niliyoisahau, nilitazama. Halikuwapo.